Kabali Aliyoiachia Mwanamize

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mwanamize Mwinyimvua anapanda ngazi za jengo la ghorofa sita Mchafukoge akiwa amevaa sweta mbili na, juu yake, koti la mvua lililofungwa hadi kidevuni. Nje hakuna mvua. Kuna lile joto la Dar es Salaam linaloamka kabla ya watu.

Anapanda, anashuka, anapanda tena. Kwenye mzunguko wa tisa jasho linachuruzika kutoka mikono ya koti na kudondoka sakafuni. Mlinzi wa jengo, ambaye ameshazoea, anasogeza kiti chake asije akalowa.

Chini ya ngazi amesimama kocha wake, Nurdin, mkononi ana simu ya kupimia dakika. Hapigi kelele. Siku za kupigiana kelele zilikwishapita. "Bado mizunguko mitatu, Mwana," anasema tu.

Anapofika ghorofa ya nne anaketi. Anavuta pumzi, anatazama viatu vyake.

"Nimechoka," anasema. Kisha, kama anayeogopa kueleweka vibaya: "Siyo leo. Uchovu wa leo ukilala unaisha. Mimi nimechoka tangu mwaka juzi."

Anainuka. Imebaki mitatu.

Mwanamize ana umri wa miaka thelathini na tatu. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni anashona mapazia katika duka moja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kabla ya hapo, siku sita kwa wiki, ni mpiganaji wa kulipwa wa mchezo ambao vijana wa mjini huuita kwa herufi tatu tu, MMA. Ndani yake mna ngumi, mateke, mieleka na kabali, na unachezwa ndani ya ulingo uliozungushiwa wavu.

Uzito anaopigania ni kilo hamsini na saba, na hapo ndipo penye kazi. Wanawake wa uzito huo wanaopigana kwa malipo hapa nchini hawajazi meza moja ya hotelini. Katika miaka sita Mwanamize amepanda ulingoni mara kumi na moja, ameshinda saba. Lakini amejiandaa mara kumi na tisa. Mara nane amekimbia ngazi, amekula mchicha na yai moja, amepima uzito, halafu simu ikaita: mpinzani ana mimba, mpinzani ameumia goti, mpinzani haonekani, mdhamini amejitoa.

"Usipopigana hulipwi," anasema. "Na zile kilo umeshazitoa. Hakuna wa kukurudishia."

Likifanyika, pambano la hapa nyumbani humwingizia shilingi laki nne. Mapazia humpa elfu kumi na mbili kwa siku. Anasema asiulizwe kipi kinamweka mjini.

Mchezo wenyewe aliukuta kwa bahati. Chumba wanachofanyia mazoezi, ghorofa ya kwanza ya jengo lile lile, ni stoo ya magodoro ya mfanyabiashara mmoja, Mzee Abdulhamid. Miaka saba iliyopita Mwanamize alitumwa kupeleka mapazia ya ofisi ya mzee huyo asubuhi mapema. Akapita mlango ulio wazi, akaona watu wanabiringishana juu ya magodoro. Akacheka kwa sauti.

Nurdin, aliyewahi kucheza judo jeshini, hakupenda kuchekwa. "Dada, njoo basi utufundishe," alimwambia.

Akaweka mapazia chini, akaingia.

"Siku ile niliangushwa mara kumi na nne," anasimulia. "Ya kumi na tano nikamshika yule kijana kiunoni, tukaenda chini wote. Nilichelewa kazini. Nasreen, bosi wangu, akanikuta nina vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia nimeanguka. Sikudanganya."

Mzee Abdulhamid hajawahi kuwatoza kodi. Sharti lake ni moja: saa mbili na nusu magodoro yawe yamepangwa, sakafu imefagiliwa, kusiwe na harufu ya jasho. Wateja hawapendi godoro linalonuka watu.

Kumwambia mama yake kulimchukua miezi minane.

Bi Waridi, mwenye miaka sitini na moja, anapaka maharusi hina na piko, na Buguruni nzima anajulikana kwa mkono wake. Nyumba anazoingia ni nyumba za watu wa pwani wenye heshima zao, ambako binti huulizwa ni wa nani kabla hajaulizwa jina. Mwanamize alimweleza siku moja baada ya sala ya alasiri.

"Wanakuona mwili?" aliuliza Bi Waridi.

"Hapana, mama. Nitavaa mikono mirefu na suruali ya kubana mpaka kifundoni."

"Na wewe unawapiga, au unapigwa?"

"Vyote viwili."

"Basi usinifiche. Nisije nikasikia kwa jirani kwamba mwanangu amevunjwa pua."

Akina mama wa mtaani walikuja baadaye kumuuliza kama ni kweli mwanawe anapigana na wanaume. Bi Waridi akawajibu: "Anapigana na wanawake wenziwe. Wanaume wanamkimbia, ndiyo maana mpaka leo hajaolewa." Wakacheka, yakaisha. Lakini hajawahi kumtazama mwanawe ulingoni, hata kwenye simu. Siku ya pambano huzima simu yake na kubaki na misbaha, akivuta uradi.

Kisha ikaja Februari ya mwaka jana.

Mpinzani alikuwa Josepha, msichana wa miaka ishirini na sita wakati huo, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha huko Dodoma. Mabega yake, anasema Mwanamize, yalikuwa ya mtu anayenyanyua vyuma tangu utotoni. Ukumbi ulikuwa Ilala, saa tisa alasiri, Jumapili. Kilichowekwa mezani siku hiyo hakikuwa laki nne. Mshindi angesafiri nje ya nchi kwa mkataba wa mapambano matatu wenye thamani ya shilingi milioni sita.

Mwanamize alikuwa ameshapiga hesabu ya umri wake. "Nilijua hiyo ndiyo nafasi. Ya pili haipo. Nikaenda nikiwa nimeshamwambia Nasreen atafute mtu wa kushika cherehani yangu."

Raundi ya kwanza ilikwenda kwa Josepha, ya pili kwa Mwanamize. Katika raundi ya tatu, ikiwa imebaki dakika moja na kidogo, Mwanamize alimkumba mwenzake miguuni, akamwangusha kifudifudi, akampanda mgongoni na kupitisha mkono chini ya kidevu. Kabali iliingia sawasawa. Wanaoujua mchezo wanasema hapo mtu ana sekunde nane, kumi akiwa mbishi. Anayekubali kushindwa hupiga kiganja chini, mwamuzi akamaliza pambano.

Josepha hakupiga kiganja. Mkono wake mmoja ulikuwa umelaliwa na kifua chake mwenyewe. Wa pili ulikuwa umeng'ang'ania kifundo cha mkono wa Mwanamize.

"Halafu vile vidole vikafunguka," anasema Mwanamize. "Havikuvutwa. Vilifunguka vyenyewe. Mwili ukawa mzito ghafla."

Mwamuzi alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Alichokiona ni mgongo wa Mwanamize na kisogo cha Josepha. Hakuona mkono.

Kanuni iko wazi, na Nurdin huirudia kwa wanafunzi wake kila asubuhi: shika mpaka mwamuzi akuguse. Ukiachia kabla, pambano linaendelea, na umejiachia mwenyewe.

Mwanamize aliachia.

Akapiga magoti, akamgeuza Josepha ubavu, akanyoosha mkono juu kumwita daktari. "Amezimia!" alimwambia mwamuzi. Ukumbi ulikuwa umesimama, kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mwamuzi akamtazama Josepha, akaona kope zinacheza, akapunga mkono: endelea.

"Nikamwambia tena, amezimia. Nilikuwa nimesimama, nimeshusha mikono. Kichwani mwangu pambano lilikuwa limeshaisha."

Josepha alifumbua macho. Mbele yake palikuwa na mguu wa mtu. Akaudaka, akauvuta. Mwanamize akaenda chali, kisogo kikagonga sakafu, na kabla hajajua dari iko wapi yule fundi vyuma alikuwa juu yake. Ngumi, ngumi, kisha kiwiko kilichopasua nyusi ya kushoto. Zikiwa zimebaki sekunde thelathini na nane, mwamuzi akaingia kati na kusimamisha pambano.

Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa Josepha.

Nyuzi saba zilishonwa kwenye nyusi ile. Alipofika nyumbani, Bi Waridi alimkalisha kwenye kigoda uani, akamsafisha damu iliyoganda masikioni kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Alimuuliza swali moja: "Kwa nini ulimwachia?"

Mwanamize alimjibu kwa kumkumbusha jambo ambalo wote wawili wanalijua. Baba yake, Mzee Mwinyimvua, alipooza kabla ya kufariki. Kwa miezi kumi na minne Mwanamize ndiye aliyembeba kutoka kitandani hadi bafuni, akamwogesha, akamrudisha. Kuna asubuhi baba alizimia mikononi mwake pale mlangoni.

"Najua mwili wa mtu aliye macho, hata akiwa amelegea," anasema. "Na najua mwili ambao mwenyewe hayupo. Ule ulikuwa wa pili. Sikufikiria mkataba. Sikufikiria kitu. Mikono ilifunguka kabla yangu."

Bi Waridi alikamua kitambaa, akaendelea kumsafisha.

Waliosema ni wengine. Video ya dakika moja ilizunguka kwenye simu za Kariakoo kwa wiki tatu. Wakampa jina, Mama Huruma. Wapagazi walimwita hivyo akivuka barabara. Wateja waliingia dukani kuuliza bei ya vitambaa, wakamtazama nyusi, wakatabasamu. Mmoja alimwambia kwa wema kabisa: "Dada, mchezo huu hauwafai wenye roho nzuri." Maneno hayo, anasema, ndiyo yaliyomuuma kuliko matusi.

Nurdin hakumsemesha kwa wiki tatu. Siku ya pambano, wakiwa bado kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alimwambia sentensi mbili: "Nilikufundisha kila kitu. Kuachia sikukufundisha." Akachukua begi lake akaondoka.

Siku ya ishirini na tatu, kocha huyo alitokea dukani Mtaa wa Sikukuu akiwa na kitambaa cha maua kwenye mfuko wa nailoni.

"Nishonee pazia," alisema.

"Dirisha lako lina upana gani?"

"Sijui. Wewe shona tu."

Mwanamize akakipokea kitambaa. Akakishona mita mbili, marinda ya kawaida. Nurdin akaja kulichukua Ijumaa, akasema kesho yake mazoezi yanaanza saa kumi na mbili. Hadi leo hakuna aliyewahi kuliona pazia hilo likiwa limetundikwa popote.

Akiulizwa sasa, Nurdin anakuna kidevu. "Nilikasirika kwa sababu nilikuwa sahihi," anasema. "Kanuni ni kanuni. Lakini nikajiuliza, yule Josepha angekuwa mwanafunzi wangu, ningetaka mpinzani wake awe nani?"

Mwanamize alirudi mazoezini, lakini siyo yule aliyeondoka. Uzito ulipanda hadi kilo sitini na nne. Asubuhi alikuwa akifika na kukaa juu ya rundo la magodoro akitazama wengine. Alishapanga kuacha. Alichokuwa akikitafuta, anasema, ni siku ya kuwaambia.

Josepha akamwahi.

Ilikuwa Agosti, saa sita mchana, Kariakoo imefurika. Msichana mmoja mwenye mabega mapana, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu, aliingia dukani akiuliza kama pale kuna dada anaitwa Mwanamize. Nasreen, akidhani ni mteja, akamuuliza: "Pazia la sebuleni au la chumbani?"

Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika kiboksi cha zabibu.

"Mambo, dada," alisema alipomwona.

"Poa. Mkono umefanyaje?"

"Ulivunjika kule. Pambano la kwanza tu, dakika ya kwanza. Mkataba ukaishia hapo." Akaketi kwenye robota la vitambaa. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Ulijua kwamba nimezimia?"

"Nilijua."

"Na ulijua refa hajaona?"

"Hilo nilikuja kulijua baadaye kidogo."

Josepha alicheka, halafu akaacha. "Mimi sikumbuki kitu. Nakumbuka nimekushika mkono, halafu nakumbuka mguu. Hapo katikati nimekuja kupaona kwenye simu kama watu wengine. Mtu akiniita bingwa, najiona nimelala pale chini."

Walikula zabibu. Cherehani ikasimama nusu saa, Nasreen akahudumia wateja mwenyewe.

Alipopigiwa simu Dodoma kwa ajili ya makala haya, Josepha alisimulia yaliyofuata, ambayo Mwanamize mwenyewe huyapitia juu juu. Aliwaandikia waandaaji barua kwamba pambano lile hakulishinda. Wakamjibu kwamba matokeo yakishasainiwa hayabadiliki. Akaandika ya pili: basi mpeni pambano la marudiano, na mpaka hapo yeye hapigani na mtu mwingine. Mkono ulipopona akakataa mapambano mawili, moja likiwa la ukumbi mkubwa.

"Waliniambia nina kichwa kigumu," anasema. "Nikawaambia nachoma vyuma, nimezoea vitu vigumu."

Mwezi uliopita waandaaji walikubali. Marudiano yatafanyika baada ya siku kumi na tisa, Ilala, kilo hamsini na saba, kila mmoja laki nne. Safari hii hakuna mkataba wa nje kwa yeyote.

Msomaji angetegemea kwamba Mwanamize aliruka kwa furaha. "Nilitaka kufurahi," anakiri. "Nikahesabu kilo saba za kutoa, nikakaa chini."

Ndiyo maana ya ngazi na koti la mvua. Magoti yanalalamika tangu ghorofa ya pili. Nyusi iliyoshonwa huvimba akifuta jasho vibaya. Jioni, akiwa mbele ya cherehani, kuna wakati anasinzia na sindano inaendelea kutembea, na mara mbili amefumua pazia zima na kulianza upya. Bi Waridi humwachia uji kwenye chupa ya chai, naye huutazama tu, kwa sababu ya mizani.

Anasema hili ndilo la mwisho. Ashinde, ashindwe, baada ya hapo havai tena glavu.

Nafsi yake, hata hivyo, imeshahamia mahali pengine. Aprili ijayo kuna mafunzo ya siku nne ya waamuzi, na jina lake limeshaandikwa. Nurdin anasema katika miaka yake yote ya mchezo huu hapa mjini hajawahi kumwona mwamuzi mwanamke. Mwanamize ameanza kujifunza bila kungoja Aprili. Vijana wanapokabana juu ya magodoro ya Mzee Abdulhamid, yeye huzunguka amepiga magoti, upande huu, upande ule, shingo ameinamisha kama anayetafuta shilingi iliyoanguka. Anatafuta kiganja.

"Watu wote wanatazama sura," anaeleza. "Sura inadanganya, mtu anakunja uso bado yuko mzima. Tazama mkono. Na ukiwa huuoni, hama. Usikae mahali pamoja kama umelipia kiti."

Juzi alimgusa bega kijana mmoja aliyekuwa amemkaba mwenzake na kumwambia aachie. Kijana akalalamika kwamba mwenzake hajapiga kiganja. Aliyekabwa alikuwa ameshaanza kukoroma. Nurdin aliona, akaenda kunywa maji, hakusema kitu. Kwa kocha huyo, hiyo ni sifa kubwa.

Mama yake je, safari hii atakwenda ukumbini? Mwanamize anatikisa kichwa. Alimuuliza, akajibiwa: "Mimi nitakaa na misbaha yangu. Siku utakayokuwa wewe ndiye unayewaachanisha, hiyo nitakuja, na nitakaa mbele."

Saa mbili na nusu magodoro yamepangwa. Mwanamize amevaa baibui na ushungi, mkoba begani, anaelekea Mtaa wa Sikukuu. Limebaki swali ambalo kila mtu Kariakoo amemuuliza kwa njia yake: na kama safari hii Josepha akizimia tena mikononi mwake, na mwamuzi asione?

Anasimama ukingoni mwa barabara, anangoja mkokoteni wa robota upite. Anafikiri kweli, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Nitaachia," anasema. "Ila sitasimama. Nitabaki pale pale chini, nimemshika mkono, mpaka daktari aingie. Wakitaka kunipa kushindwa, wanipe nikiwa nimekaa."